Kuona jiwe la pangoni likiyeyuka na kurudi, ndani ya gilasi

Mawe yanayoning'inia kwenye mapango ya Kiwengwa, Unguja, ni chokaa iliyobebwa na maji. Mvua ikipenya udongoni hunyonya kabonidioksidi ya mizizi na majani yanayooza, ikageuka asidi dhaifu na kuyeyusha jiwe la matumbawe. Tone likitokeza kwenye dari, gesi hutoroka, chokaa hubaki. Watu husema maji hukauka, lakini pangoni mna unyevunyevu mno kwa hilo kuwa sababu kuu. Kwa hiyo lile jaribio la uzi na magadi, ambapo uzi huning'inizwa kati ya gilasi mbili za maji ya magadi hadi ukaota ncha, lina sura ya pango tu. Kazi yake ni kukausha. Hili hapa lina kemia yenyewe.

Tafuta unga wa chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji, mpya. Isiyozimwa iache, ikigusa maji huchemka. Tia kijiko 1 cha chai kwenye lita 1 ya maji ya mvua, tikisa, funga, lala nayo hadi asubuhi. Mimina yale maangavu ya juu bila kutibua mashapo. Yanaunguza macho, na hayanywewi.

Gilasini changanya sehemu 1 ya maji hayo na sehemu 9 za maji ya mvua, kisha puliza kwa mrija, usivute. Yataingia ukungu mweupe: hilo ndilo jiwe. Endelea taratibu dakika 10 hadi 15, ukipumzika usije ukapata kizunguzungu, na ukungu utafifia: jiwe limeyeyuka. Sasa chemsha kwenye sufuria ndogo. Gesi inatoka, weupe unarudi, ndugu wa ule ukoga wa birika la maji ya kisima.

Ukungu usipotokea kabisa, chokaa yako ilikaa wazi ikageuka jiwe kabla hujaanza. Usipofifia, hukuzimua vya kutosha. Pumzi ina gesi kidogo, haimudu chokaa nyingi. Maji ya kisima usiyatumie, yana chokaa yake tayari na yatatia weupe kabla hujapuliza.

Ukienda pangoni, mulika tochi kwenye ncha changa ya jiwe linaloning'inia. Ni mrija mwembamba wenye tone mdomoni, na pete ya chokaa hujengeka ukingoni mwa tone. Kwa kasi ya kawaida ya milimita 0.1 kwa mwaka, sentimita 10 ni miaka 1,000. Usiiguse: mafuta ya kidole hufanya chokaa isishike vizuri hapo.