Namna ya Kuandaa Siku ya Milango Wazi ya Muziki na Tamthilia Dodoma Wakati wa Kiangazi

Mwongozo huu ni wa wahadhiri na viongozi wa wanafunzi wa idara za muziki na sanaa za maonyesho waliopewa jukumu la kuwafungulia wananchi chuo kwa siku moja. Nimeuandika baada ya kuwasaidia vijana wa idara moja hapa Dodoma kuandaa siku yao. Ninaamini kwamba mgeni wa siku hiyo anastahili kuiona kazi ikiwa bado inafanyika: mwimbaji akisahihishwa na mwalimu wake, mwigizaji akirudia tamko lilelile, mkono wa mtoto ukigusa zeze kwa mara ya kwanza. Maonyesho yaliyokamilika atayapata kwenye matamasha.

Hatua ya kwanza: Tarehe

Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa mwaka na kwisha Aprili, kwa hiyo kuanzia Mei hadi Oktoba uwanja ni mkavu. Chagua Jumamosi ambayo wanafunzi bado wako chuoni na mitihani haijakaribia. Epuka siku zinazozunguka Nane Nane, kwa sababu watu wengi huelekea viwanja vya Nzuguni, na turubai, viti na spika za kukodi huwa adimu.

Hatua ya pili: Vibali

Peleka barua mapema kwa uongozi wa chuo, kwa mtendaji wa kata na kituo cha polisi, na umwone afisa utamaduni wa jiji akueleze kinachohitajika na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Ikiwa mtaigiza tamthilia ya mtunzi aliye hai au kupiga muziki uliorekodiwa, ombeni ruhusa ya wenye haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi hizo, na kutotoza kiingilio hakuwaondolei wajibu huo mbele ya hadhara.

Hatua ya tatu: Wazee wa ngoma waje kama walimu

Chuo kilicho katikati ya nchi ya Wagogo hakina sababu ya kuwaita wapiga muziki wa vijijini waje kucheza dakika kumi wakati wageni wakisubiri chakula. Wapewe chumba, saa kamili na wanafunzi wa kufundisha. Mwanamuziki Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alifundisha muziki Bagamoyo kwa miaka mingi, na elimu aliyoibeba ilitoka kijijini kwao. Nenda mwenyewe Chamwino au kijiji kingine, zungumza na kiongozi wa kikundi ana kwa ana, mkubaliane malipo, usafiri na chakula kabla ya kurudi mjini. Kuhusu muheme, ngoma inayopigwa na akina mama wakiwa wameibana katikati ya mapaja, waulize akina mama wenyewe ni nyimbo zipi zinafaa mbele ya watu wote, kwa sababu asili yake imefungamana na unyago wa wasichana. Wakisema wimbo fulani haupigwi hadharani, usiwabembeleze.

Hatua ya nne: Ratiba ya sauti

Hapa ndipo siku nyingi za namna hii zinapoharibika. Waandaaji hupanga kwa saa na kwa chumba: saa nne kwaya ukumbini, saa nne zeze darasani, saa nne muheme uwanjani. Kwenye karatasi hakuna mgongano wowote. Siku yenyewe muheme unaanza, na mgeni aliyeketi karibu kabisa na mpiga zeze anabaki kuutazama uta ukienda na kurudi bila kusikia kitu. Kwa hiyo, kabla ya kuandika saa yoyote, chora ramani ya majengo na ugawe shughuli zote katika makundi matatu: za sauti kubwa, yaani ngoma, tarumbeta na bendi, za sauti ya kati, kama kwaya na mazoezi ya tamthilia, na za sauti ndogo, yaani zeze, marimba ya Kigogo (kisanduku chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), gitaa lisilo na umeme na usomaji wa mashairi.

Kisha fikiria upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, nao huwa na nguvu na vumbi. Sauti inayosafiri pamoja na upepo hupindwa kuelekea ardhini na kufika mbali, ilhali inayokwenda kinyume na upepo hupindwa juu na kupotea mapema. Weka basi ngoma, bendi na jenereta upande wa magharibi, na vyumba vya sauti ndogo upande wa mashariki. Kanuni hii ina mipaka yake. Ikiwa magharibi kuna zahanati, mabweni au nyumba za majirani, haki yao ya utulivu inatangulia, na itabidi ngoma zigeuzwe au zipunguziwe muda. Ikiwa kuna msikiti karibu, nyakati za swala ziingie kwenye ratiba tangu mwanzo. Majengo marefu nayo huuzungusha upepo kwa namna ambayo ramani haiwezi kuonyesha, kwa hiyo fanyeni jaribio wiki moja kabla, saa ileile ya tukio: mmoja apige ngoma mahali palipopangwa, mwingine azunguke chumba hadi chumba akisikiliza. Sipendekezi programu za simu za kupima kelele. Sikio la mwanafunzi anayepiga zeze linatosha, maana yeye ndiye anayejua ni sauti ipi inafunikwa.

Usitegemee kufunga madirisha. Darasa lenye paa la bati na watu thelathini ndani yake halivumiliki likifungwa mchana. Vipindi vya sauti ndogo viwekwe asubuhi, na kila saa igawanywe: dakika 20 za mwanzo ni za uwanjani, dakika 40 zinazobaki ni za vyumbani. Wapiga ngoma hawatakosa la kufanya katika muda huo, kwa sababu ngozi zinahitaji kupashwa moto ili zikaze, na wageni hupenda sana kuona kazi hiyo na kuelezwa sababu yake. Moto huo uwe mdogo, mahali palipofagiliwa nyasi kavu, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Mwanafunzi mmoja asimame panapoonekana pande zote akiwa na bendera, na bendera ikishuka ngoma inanyamaza. Ujumbe wa WhatsApp haufai kwa kazi hii, kwani husomwa wimbo ukiwa umekwisha.

Kishawishi kinachofuata ni kumwekea mpiga zeze kipaza sauti. Chumbani msiweke. Watu thelathini waliotulia wanamsikia vizuri, na wakimsikia hivyo wanasogea, wanainama, wanaanza kuuliza. Ikiwa hamna njia ila kumpandisha jukwaani nje, kipaza sauti kiwe karibu na kibuyu, kifunikwe sifongo dhidi ya upepo, na spika zikae mbele ya kipaza sauti zikielekea kwa watu, la sivyo zitapiga mluzi. Marimba nayo ina jambo lake. Sanduku lake huwa na tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotoa mvumo mwembamba unaofuatana na kila noti. Fundi mitambo asiyeifahamu atadhani waya umeharibika na kuanza kuuondoa mvumo kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganya sauti. Mkalishe karibu na mpigaji asubuhi, aisikilize bila umeme, ajue kwamba mvumo ni sehemu ya sauti yenyewe. Vumbi likiingia utando huchanika, kwa hiyo marimba isibaki uwanjani bila kifuniko.

La mwisho katika hatua hii: msimkutanishe mpiga marimba na kinanda jukwaani kwa kudhani watapatana. Muziki wa Wagogo hufuata mfululizo wa asili wa sauti, yaani sauti za juu zinazozaliwa ndani ya noti moja ya chini, kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa hivi, na ile ya saba iko chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Mzee asiombwe kusogeza vyuma vyake ili vilingane na kinanda. Kinanda kinyamaze, kwaya ya wanafunzi imfuate kwa sauti, kwa maana koo la binadamu linaweza kujifunza kiwango hicho.

Hatua ya tano: Mgeni rasmi

Vyumba vifunguliwe saa tatu, na ufunguzi rasmi uwe saa sita. Kwa namna hiyo mgeni rasmi akichelewa hakuna mtoto anayesubiri juani, na akifika anaikuta kazi inaendelea na anaweza kuzungushwa humo. Hotuba moja, ya dakika kumi, inatosha. Mshereheshaji aelezwe hivyo kwa maandishi.

Hatua ya sita: Mazoezi ya tamthilia

Chagueni onyesho moja fupi lirudiwe mara tatu mbele ya wageni, mwongozaji akisahihisha kati ya mara moja na nyingine, na wageni waulizwe wameona nini kimebadilika. Mlango ufungwe mazoezi yakianza.

Hatua ya saba: Matangazo

Ubao mmoja mkubwa wa ratiba langoni, wa chaki, unaoweza kufutwa na kuandikwa upya. Wiki mbili kabla, pitieni shule, makanisa yenye kwaya na soko la Majengo. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu na usiku huwa na baridi, kwa hiyo tangazeni mwisho kuwa saa kumi na moja, daladala zikiwa bado nyingi.

Hatua ya nane: Malipo na kumbukumbu

Wazee walipwe taslimu, mkononi, kabla hawajapanda gari. Kila wimbo uliorekodiwa uandikwe jina lake, jina la aliyeuongoza na kijiji chake, pamoja na ruhusa aliyoitoa kuhusu matumizi ya rekodi. Nakala ipelekwe kijijini kwenye flashi ndani ya mwezi huohuo, na apewe kiongozi wa kikundi mwenyewe.