Unataka kuangalia nyota? Jiunge na klabu kwanza, darubini baadaye

Watu wengi wakipenda nyota wanakimbilia kununua darubini, me nakwambia subiri kwanza, tafuta klabu ya karibu na ww. Kwa Kenya kuna Travelling Telescope pale Nairobi, wanazunguka na darubini mashuleni, Tanzania anza kuulizia walimu wa fizikia wa vyuo, na kama hamna kitu kusanya watu watano mnaanza wenyewe.

Siku ya kwanza nenda na nguo nzito na tochi uliyoifunika nailoni nyekundu, maana macho yanachukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na mwanga mweupe wa simu unaharibu yote, hapo ndo wageni wengi wanakosea. Chagueni usiku usio na mwezi. Ila mkitaka kuangalia mwezi wenyewe nendeni ukiwa nusu, vivuli vinaonesha mashimo vizuri kuliko ukiwa mpevu.

Faida sasa, unachungulia darubini za wenzako kabla hujatoa hela yako, unaoneshwa Kilimia (lile kundi la nyota), miezi minne ya sayari ya Mshtarii ile Galileo aliiona 1610, na pete za sayari ya Zohali, aisee ukiziona live mara ya kwanza unanyamaza kabisa! Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati, tunaona nyota za kaskazini na za kusini pia.

Nyumbani fanya mazoezi na Stellarium, programu inayokuonesha anga, ya kompyuta ni bure. Alafu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, huku kwetu kwa sehemu tu, kwahiyo tafuteni miwani maalum mapema, ya jua ya kawaida HAIFAI.