Somo: Suka karata 52 mara 8, zirudi ulivyozipanga

Wengi tunaamini kuwa mchangaji stadi ndiye anayechanganya karata vizuri. Sivyo. Kinachozichanganya ni makosa ya mkono. Ukiyaondoa yote, pakiti inarudi ilivyokuwa. Tenga kama robo saa na meza pana, ujionee.

1. Toa jokeri zote mbili. Panga shupaza, kopa, pau, kisha uru, kila aina ianze na ree na kuishia na mzungu wa nne. Zifunike, ree ya shupaza iwe juu kabisa.

2. Hesabu 26 za juu, ziweke kushoto. Zilizobaki ziweke kulia. Usikadirie kwa jicho, maana 27 kwa 25 inaharibu kila kitu.

3. Chukua ya juu ya kushoto, iweke katikati ya meza ikiwa wazi. Juu yake weka ya juu ya kulia, nayo ikiwa wazi. Kushoto, kulia, mpaka ziishe, kisha geuza rundo zima. Ree ya shupaza lazima iwe bado juu, na mzungu wa nne wa uru chini kabisa. Kama sivyo, ama ulianza kulia ama umesahau kugeuza.

4. Rudia hatua ya 2 na ya 3 mpaka zitimie mara 8. Njiani zitaonekana zimevurugika kabisa, usizirekebishe.

Kwa nini 8? Zipe nafasi namba 0 hadi 51 kutoka juu. Kila ukisuka, namba ya nafasi inazidishwa kwa 2, na ikizidi 51 unatoa 51. Karata iliyo nafasi ya 1 inakwenda 2, 4, 8, 16, 32, 13, 26, halafu 1. Hatua nane. Nyingine zote zinaifuata, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara nane ni 256, na 256 ukigawa kwa 51 inabaki 1.

Sasa mkono wa kawaida, ule wa kupinda mafungu mawili na kuachia yaingiliane. Hapa karata hudondoka mbili mbili, tatu tatu, na hiyo ndiyo faida. Mara ya kwanza mpangilio wa zamani unabaki katika nyuzi 2 zilizopishana, yaani mifululizo ya karata zinazofuatana kama zamani, hata kama nyingine zimeingia katikati. Kila mara nyuzi huweza kuongezeka maradufu, si zaidi: 4, 8, 16, 32. Pakiti iliyopinduka kabisa, ya mwisho ikawa ya kwanza, inahitaji nyuzi 52. Kwa hiyo baada ya mara 5 mpangilio huo hauwezekani kabisa, ingawa kwenye karata zilizochanganyika kweli una nafasi sawa na mwingine wowote. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walipima umbali uliobaki, 1 ikiwa hazijachanganyika na 0 zimechanganyika: mara 5 ni 0.92, mara 6 ni 0.61, mara 7 ni 0.33, kisha unapungua karibu nusu kila mara. Ndiyo maana tunasema zisipungue 7.

MASWALI

Mdau wa Mafinga: Shikamoo mwalimu. Nimesuka mara 8 kwa uangalifu, hazikurudi. Jokeri niliziacha.

Jibu: Marahaba. Tatizo ni jokeri. Zikiwa 54 unatoa 53 badala ya 51, na hapo zinahitaji mara 52! Karata mbili tu zimefanya hivyo.

Mdau wa Uyole: Sisi tunatoa 8, 9 na 10, zinabaki 40. Mara ngapi?

Jibu: Anza na 1, zidisha kwa 2, ikizidi 39 toa 39: 2, 4, 8, 16, 32, 25, 11, 22, 5, 10, 20, 1. Mara 12. Ni chache kuliko 52, lakini zinachelewa zaidi kurudi.

Mdau wa Tukuyu: Huku kwa ukungu karata za karatasi zinanata. Nazichanga kwa kumega mafungu madogo mkononi. Mara 7 zinatosha?

Jibu: Hazitoshi hata kidogo. Kwa kumega, majirani wengi wanabaki pamoja, na hesabu ya kuchanganyika vizuri inafika maelfu ya mara. Zilizonata zinahama kama karata moja, kwa hiyo zitenganishe kwanza moja moja, uzifute kwa kitambaa kikavu. Kisha zimwage mezani zikiwa zimefunikwa, uzivuruge kwa viganja viwili dakika nzima, ukizizungusha toka pembeni kwenda katikati.