Umefilisika, na bado unga unatakiwa jioni

Soko la Karume, Dar es Salaam, liliungua alfajiri ya Januari 16, 2022. Meza yangu ilikuwa na mashuka na mapazia ya mtumba, robota moja na nusu (robota ni furushi kubwa lililofungwa), yote mali kauli, yaani nimechukua kwa ahadi ya kulipa nikishauza. Nilifika saa moja asubuhi nikakuta bati zimejikunja na watu wanachakura majivu. Mtaji ulikwisha siku hiyo, ila kufilisika kwenyewe kulikuja miezi mitatu baadaye, nilipokopa hapa kulipa pale. Kwa hiyo ninayoandika ni ya baada ya hapo, kwa aliyeanguka kama mimi.

Anza na daftari. La shule la kurasa 40 linatosha. Andika kila anayekudai, hata Mangi wa dukani. Langu lilisema hivi: tajiri wa marobota 1,850,000, kikoba 700,000, mikopo mitatu ya mtaani 940,000, Mangi 63,000. Jumla 3,553,000. Nilikuwa naogopa kujumlisha. Nilipojumlisha nililala usingizi kwa mara ya kwanza tangu soko liungue, sijui kwa nini.

Kisha madeni yapange kwa ukali wa riba, usiyapange kwa ukubwa wa deni wala kwa kelele za mdai. Ila Mangi nilimlipa kwanza, kwa sababu pale ndipo tunapokula. Waliofuata ni kausha damu, wale wa mikopo ya mtaani ya riba kali. Kikoba na tajiri, ambao deni lao halikuwa linaongezeka, niliwaendea kwa miguu yangu kuomba muda.

Hapo kwenye kuwaendea usichelewe. Tajiri nilimfuata na karatasi nimeshaiandika: 50,000 kila tarehe 5. Akaisoma, akaniangalia, akasema, "Mama, wenzako wamezima simu." Akasaini, mjumbe akashuhudia. Ahidi kidogo utakachokiweza mwezi mbaya, maana ukisema laki halafu ukaleta elfu ishirini, wewe ni mwongo tu.

Sasa nikuonyeshe kausha damu ilivyo, maana mtu akifilisika huyo ndiye anayebisha hodi wa kwanza. Nilikopa 300,000. Wakakata fomu na wanachokiita bima, 15,000, nikashika 285,000. Rejesho 12,000 kwa siku, siku 30, jumla 360,000. Ukiisikia haraka unaona ni elfu sitini tu juu. Piga hesabu siku kwa siku. Siku ya 15 nilikuwa nimesharudisha 180,000, kwa hiyo hela yao niliyobaki nayo ni 105,000, lakini rejesho halijapungua hata mia. Siku ya 24 nilikuwa nimerudisha 288,000, zaidi ya zilizoingia mkononi mwangu. Siku sita za mwisho, 72,000 nzima, nilikuwa nawafanyia kazi wao. Na mtumba hautoki kila siku. Mvua ikinyesha siku mbili, 24,000 unaitoa wapi? Kwa kausha damu mwingine. Ndivyo mikopo mitatu ilivyozaliwa.

Kwa hiyo mkopo wowote uulize mambo mawili: nashika ngapi mkononi, narudisha ngapi jumla. Asiyekuandikia namba hizo mbili, aga uondoke. Kadi ya benki na kitambulisho cha NIDA usimwachie mtu. Muulize pia leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe nayo. Programu za mikopo za kwenye simu nazo hivyo hivyo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zinazokopesha bila leseni. Zingine zilikuwa zinawatumia meseji watu wote walio kwenye simu yako kwamba wewe ni tapeli. Hadi shemeji yako anapata.

Nyumbani, baba watoto anaendesha bajaji ya hesabu, yaani ya mtu, na kila siku anampelekea mwenyewe fungu lake. Akishatoa hesabu na mafuta inabaki kama 15,000, siku nyingine 8,000. Watu wa kipato cha siku tusijidanganye na bajeti ya mwezi. Kila kitu nilikigeuza cha siku. Kodi 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita, basi ni 2,000 kila jioni kwenye kibubu kabla moto haujawashwa. Madeni 3,000. Daftari na michango ya shule 500. Kinachobaki ndicho chakula. Siku ya 8,000 tunakula dagaa na tunaacha deni la kibubu limeandikwa kwenye daftari, linalipwa siku nzuri. Watoto tuliwaambia ukweli. Mkubwa alikuwa anajua zamani, alishasikia simu zangu chooni.

Mafuta ya kupikia ya kupimiwa na mkaa wa kopo vinakula hela kuliko unavyodhani. Wiki ya kwanza niliyopata nafuu nilinunua lita nzima na debe la mkaa. Hiyo ndiyo akiba yangu ya kwanza, ilikaa jikoni.

Kukopa tena nilisubiri mpaka kausha damu wote waishe, na kila mmoja nilimdai karatasi ya kumaliza deni. Zitunze, maana mkopo unaosomeka haujalipwa unaweza kukuzuia benki. Nikarudi kikoba, hisa 5,000 kwa wiki. Kwetu unakopa mara tatu ya hisa, riba asilimia 10 mara moja. Nilichukua 150,000, nikaenda kuchagua mashuka moja moja, yale yanayotoka ndani ya wiki mbili. Robota zima unabahatisha. Mkopo wa chakula au sherehe sichukui kabisa. Kama mna kikundi, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Haina riba. Mlolongo wa makaratasi ni mrefu, nendeni na subira.

Kwa tajiri nimebakiza laki na nusu, miezi mitatu. Juzi kaniuliza kama nataka robota, mali kauli kama zamani. Nimemwambia nitachukua nusu na mwenzangu, taslimu.