Mtoto ana kinga dhaifu? Kagua wanyama wa nyumbani kwanza

Anza kwa kujua kama mtoto wako ni mmoja wa wenye kinga dhaifu. Aliye kwenye matibabu ya kemo, yaani dawa za saratani, yumo, na huku kandokando ya Ziwa Viktoria wapo wengi kwa sababu ya saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Yumo anayeishi na VVU na dawa bado hazijavishusha virusi. Yumo anayemeza predinisoloni, dawa inayopunguza kinga, kwa muda mrefu kwa ajili ya figo, na mwenye utapiamlo mkali. Kisha yupo mwenye selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa damu), anayesahauliwa kwa kuwa anakimbia na kusoma kama wenzake, ilhali wengu wake, unaochuja vijidudu kwenye damu, huharibika angali mdogo sana.

Sisemi mfukuze mbwa mliyeishi naye miaka. Mnyama mzima mwenye afya ana hatari ndogo kuliko mtoto wa mnyama. Watoto wa mbwa na wa paka ndio wenye minyoo, kuhara na choa, ile tunayoiita mashilingi. Kwa hiyo mtoto akiwa katikati ya matibabu, usilete mnyama mpya nyumbani. Ngoja.

Mbwa achanjwe kichaa kila mwaka na apewe dawa ya minyoo. Asilambe kidonda cha mtoto, wala mdomo wake. Akimng'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni mkwaruzo tu. Ukifika, taja kabla hujaulizwa kwamba kinga ya mtoto ni dhaifu, kwa sababu hilo linaweza kubadilisha sindano atakazopewa. Mwenye selimundu huhitaji pia dawa ya kuua bakteria mapema, maana mate ya mbwa yana vijidudu ambavyo mwili usio na wengu hauviwezi.

Kinyesi cha paka kizolewe kila siku, na mtu mzima asiye mjamzito. Vimelea vya toksoplasma vilivyomo huchukua kati ya siku 1 na 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo ukizoa mapema umeviwahi. Kama kuna mchanga wa ujenzi uani, ufunike, kwa maana paka huufanya choo na watoto huufanya uwanja. Viroboto nao wauawe.

Njiwa wasilale chini ya paa analolala mtoto. Kinyesi chao kikikauka huwa vumbi lenye kuvu ambayo, kwa mwenye kinga dhaifu, hufika hadi kwenye utando wa ubongo. Asitumwe kufagia hapo.

Sasa vifaranga. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Dada yangu anaishi Manyatta, Kisumu, na mwanawe wa kiume ana selimundu. Nyumba haikuwa na mbwa wala paka, na dada alijua kwa nini. Msimu mmoja wa mvua alinunua vifaranga kwa agroveti, akawaweka kwenye katoni chini ya balbu, ndani ya chumba wanacholala, kwa sababu nje kulikuwa na baridi na panya. Kila mtu hufanya hivyo. Kijana akachagua mmoja akawa wake. Akamweka ndani ya shati, akambusu, akala ugali huku amemshika.

Mguu ulipoanza kumuuma, walidhani ni yale maumivu ya selimundu ya siku zote. Maji mengi, dawa ya maumivu, blanketi. Lakini maumivu ya kawaida yalikuwa yakizunguka, leo mgongo, kesho mikono. Haya yalikaa mahali pamoja, kwenye muundi. Pakavimba, pakawa moto, na homa ikagoma kushuka. Hospitalini pia walianza kwa kumtibu maumivu. Ni damu iliyopelekwa maabara kuoteshwa ndiyo iliyosema: bakteria aitwaye salmonela, na alikuwa ameshaingia kwenye mfupa. Alipasuliwa usaha ukatolewa, akakaa wiki nyingi na dawa za mishipani.

Daktari aliuliza, "Mnafuga nini nyumbani?" Dada akajibu, "Hatufugi kitu." Hakudanganya. Vifaranga hakuwa amewahesabu kama wanyama wa nyumbani, walikuwa biashara. Hakuna aliyempima kifaranga hata mmoja, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni wao. Lakini kifaranga hubeba salmonela kwenye kinyesi, manyoya na miguu huku akiwa mchangamfu kabisa, na mtoto mwenye selimundu ndiye ambaye bakteria huyo hupenda kumfuata hadi mfupani.

Najua kuku ndio karo. Fuga, ila si ndani, hata kwa usiku mmoja. Kama nyumba ni chumba kimoja, mwombe jirani akutunzie hadi waote manyoya. Viatu vya bandani vibaki bandani. Vyombo vya kuku visioshwe kwenye karai la sahani. Mtoto huyu asiokote mayai, na yai lake liive hadi kiini kigumu.

Weka kipimajoto nyumbani. Ikifika nyuzi 38, usingoje asubuhi. Muulize daktari mapema kama kwa mtoto wako kiwango ni tofauti. Kwa mwenye selimundu, dawa yake ya penisilini ya kila siku isikatizwe, hata kama anaonekana mzima. Na ukiulizwa mnafuga nini, taja kila kitu, mpaka sungura wa jirani.

Desemba mkienda ushago kwa nyanya, fika kwanza uangalie ndama na mbuzi wanalala wapi. Ndama anayehara asiguswe na mtoto huyu. Maji ya kunywa yachemshwe, maziwa pia, hata nyanya akisema wewe ulilelewa kwa mabichi.