SOMO: Umepewa usupavaiza juu ya wenzako wa jana, unaanzia wapi?

Wakuu habari za Jumapili. Kuna mdau aliomba msaada humu, kapandishwa kuwa supavaiza kwenye stoo ya kusambaza bidhaa, ana watu tisa chini yake, kati yao wapo washkaji zake wa kula nao chipsi mayai kila mchana na yupo mzee mmoja aliyemzidi umri mbali tu. Nikaona kumjibu juu juu haitoshi, nishushe somo zima, maana wanaokalishwa kwenye hicho kiti bila kufundishwa chochote ni wengi mno hapa Dar. Kampuni ikiona mtu anapiga kazi vizuri inampa cheo, kesho yake anaambiwa "hao ndio watu wako", kana kwamba anayejua kupanga katoni moja kwa moja anajua kupanga watu. Mimi niko kwenye usambazaji, maghala ya upande wa Barabara ya Nyerere, kwa hiyo mifano itatoka huko, nyie wa benki na wa hotelini mtabadilisha wenyewe.

Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kubisha aanze kubisha: kusimamia watu ni kuongea nao. Supavaiza anayeogopa kukaa na mtu mmoja ana kwa ana akamwambia kitu, hata umpeleke semina Arusha wiki nzima atarudi na begi la semina tu.

HATUA YA 1: Jua mipaka yako kabla hujafungua mdomo
Mfuate bosi wako umuulize kwa kutaja vitu. Naweza kumpa mtu ruhusa ya nusu siku bila kukuuliza? Rosta nabadilisha mwenyewe? Ovataimu nasaini mimi au wewe? Onyo la mdomo natoa, la maandishi je? Usipouliza utamwahidi mtu Ijumaa apumzike halafu HR wanakuja kuitengua mbele yake, na hapo umeshaisha, hakuna atakayekuomba kitu tena, wote watapanda juu.

HATUA YA 2: Ongea na kila mtu peke yake, wiki ya kwanza hiyo hiyo
Hii ndiyo wengi wanairuka wanakimbilia kuitisha kikao kikubwa cha kujitambulisha, sasa unajitambulisha kwa nani wakati wanakujua mpaka deni lako la genge. Kaa na mmoja mmoja, dakika ishirini, na usimwite ofisini ukafunga mlango maana atajua anafukuzwa, kaeni pale mnapokunywa chai wenzake wakiwa wameshaondoka. Maswali yangu huwa haya: kazi yako inakwamia wapi? Nani au nini kinakukwamisha? Kitu gani supavaiza aliyepita alikuwa anafanya ambacho hutaki kife? Unakaa wapi na asubuhi unafikaje hapa?

Hilo la mwisho msilidharau. Mtu wa Chanika au Chamazi anatoka kwake saa kumi alfajiri kuna giza, anaunga magari, na mwingine anategemea mwendokasi ya Kimara ambayo mvua ikishuka ya maana na Jangwani pakijaa maji safari imekufa. Ukishajua hayo, siku akichelewa unajua kama ni barabara au ni yeye, na siku ukipanga shifti ya saa kumi na mbili asubuhi unajua nani unamtesa bure wakati yupo anayekaa Vingunguti pale anatembea kwa miguu.

Mzee muanze yeye. Na shikamoo unampa kama kawaida, cheo hakifuti shikamoo, halafu unamwambia wazi: "Mzee wangu, mimi nimepewa rosta na ripoti, wewe unalijua hili ghala kuliko mimi, nitakuwa nakuja kwako kabla sijabadilisha kitu kwenye upangaji." Halafu kweli uende. Ukimwambia hivyo usipokwenda ni kheri ungenyamaza.

Washkaji nao waambie mapema, kabla hawajaanza kukupima: urafiki wetu upo palepale, ila kwenye rosta na kwenye ripoti wewe na yule mgeni wa juzi mko sawa. Watanuna siku mbili tatu, waache. Na lile grupu la wasap la kumsema bosi toka humo leo leo, bosi anayesemwa sasa hivi ni wewe.

HATUA YA 3: Gawa kazi ukiwa umeeleweka
"Hakikisheni stoo inakaa vizuri" hiyo sio kazi, hiyo ni dua. Sema kitu gani, mpaka saa ngapi, kikiwa kimekamilika kinaonekanaje, na akikwama amfuate nani. Kisha mwambie akurudishie alivyoelewa, sio "umeelewa?" maana hilo jibu lake ni "ndio bosi" hata kama hajaambulia kitu.

Kuna Wamarekani wawili, Paul Hersey na Ken Blanchard, tangu 1969 walisema usimamizi ubadilike kutokana na mtu alivyoiva kwenye kazi husika, na mimi hili nimeliona mpaka nimechoka. Dereva wa foko lifti mwenye miaka nane kwenye ile mashine ukimsimamia kila paleti anavyoinyanyua unamtukana, lakini mtu huyo huyo ukimhamishia kwenye kuingiza stoku kwenye kompyuta ni mgeni kabisa, hapo ukimwacha peke yake kwa sababu eti "ni mzoefu" utalia mwisho wa mwezi. Kwa hiyo usijiulize huyu ni mzoefu au sio, jiulize mzoefu wa kazi ipi.

HATUA YA 4: Kumwambia mtu ukweli
Hapa ndipo penye kazi. Taasisi moja ya Marekani, Center for Creative Leadership, ina njia ya vitu vitatu: ilikuwa wapi na lini, ulifanya nini, kikatokea nini. Basi. Tabia yake na ukoo wake humo hamna.

Mfano. Stoo kipa anasaini deliveri noti bila kuhesabu. Wengi watasema "wewe siku hizi hauko siriasi kabisa". Sasa hapo mtu atatetea usiriasi wake mpaka jioni, na katoni mmeshazisahau. Sema hivi: "Jumanne, gari la Kigamboni, ulisaini katoni 120. Mteja kapokea 114. Sita tumezilipa sisi, na dereva kakaa kule mpaka saa tatu usiku wakibishana." Halafu nyamaza. Kweli nyamaza, hata kama kimya kinakuwasha. Mara nyingi atakachosema baada ya hapo ndicho ulikuwa hukijui, labda wapakiaji wanaanza kupakia kabla hajafika, labda kalamu anashika yeye ila anayehesabu ni mwingine. Ndio mnakubaliana: kuanzia kesho gari halifungwi turubai mpaka uhesabu mwenyewe, na mimi nitawaambia wapakiaji. Andika kwenye daftari, wiki inayofuata muulize inaendaje.

Ifanye siku hiyo hiyo au kesho yake, faragha, kwa mdomo, na sio kwenye grupu. Na tafadhali sana ule mtindo wetu wa Pwani wa kurusha vijembe kikaoni, "kuna watu humu wanajiona, wanajijua", uacheni kwenye taarabu. Kila mtu anajua anasemwa nani, msemwaji anajifanya sio yeye, na wasiohusika wanaanza kujishuku.

Sifa nazo ni hivyo hivyo, "hongera kwa kazi nzuri" haimfundishi mtu kitu, mwambie ni lipi hasa alilofanya.

Anayedhani kufoka ndio ukali akawaulize wazee waliokuwa viwandani hapa Dar miaka ya 70. Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha enzi hizo, ibara ya 15, uliweka mwiko kwa kiongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu, na wafanyakazi wakaishika ibara hiyo hiyo kugomea mameneja waliokuwa wanawanyanyasa. Waligoma kwa sababu ya dharau, sio mshahara peke yake. Siku hizi hawagomi, wanakufanyia kazi ya kulipua tu na wewe unajiuliza kwa nini tageti haifiki.

HATUA YA 5: Soma sheria, usitegemee HR akusomee
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, ovataimu ni kwa makubaliano na isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka siku 28. Ukipanga rosta bila kujua hizo namba unaiingiza kampuni kwenye kesi na jina lililosaini ni lako.

Kuna moja inawachanganya wengi, msiba. Sheria inatoa siku 4 za malipo akifiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Shangazi hayumo, mjomba hayumo. Sasa wewe uko Dar, mtu kalelewa na shangazi yake, kafiwa, msiba uko Songea, utamwambia hayumo kwenye orodha? Ongea na bosi, akate siku kwenye likizo yake ya mwaka au aende bila malipo, ila aende, na akirudi kila mtu aliye chini yako anaupata mpango huo huo, sio washkaji tu.

Mengine madogo: kikao cha asubuhi kiwe dakika kumi mkiwa mmesimama, kila mtu akijua gari zake za siku. Inatosha.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbagala: Mkuu nimekusoma. Mimi mshkaji wangu kabisa, tumepanga nyumba moja, anachelewa kila siku akiona nimekasirika ananiambia "bro nivumilie". Wengine wameanza kusema.
Jibu: Wameanza kusema maana yake umechelewa wewe pia. Mwite ukiwa kazini, sio nyumbani, mpe tarehe na saa alizofika, muulize nini kinamchelewesha. Kama ni usafiri mnapanga shifti upya, kama sio usafiri mwambie onyo la maandishi litakuwa la lini na kwa lipi, likifika siku liandike. Mkirudi nyumbani jioni msilizungumze.

Dada wa Mikocheni: Nasimamia madereva, wote wanaume. Wananiita "mrembo", na nikikataa kitu wanapitiliza kwa meneja, anawakubalia.
Jibu: Dada yangu tatizo lako la kwanza ni meneja, nenda kwake na mfano mmoja wa wiki hii, mkubaliane kwamba akija dereva kwake swali lake liwe moja tu, "umeshaongea na supavaiza wako?". Asipokubali hilo, cheo hicho umepewa jina tu. Hilo la mrembo likate palepale linaposemwa, bila hasira, "niite dada fulani", endelea na kazi. Na madereva wanamheshimu anayejua gari, kwa hiyo jua safari, mafuta na kilomita zao kuliko wanavyodhani unajua.

Fundi Umeme: Kijana kashikwa na nyaya za kampuni kwenye begi. Bosi anasema mfukuze leo leo, asirudi. Nifanyeje?
Jibu: Usifukuze mtu getini hata kama umemkuta nazo mkononi. Sheria inataka sababu ya haki na utaratibu wa haki, vyote viwili. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka uchunguzi, barua ya tuhuma, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na kikao ambacho anaweza kuja na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Mkitaka asiwepo kazini asimamishwe kwa mshahara kamili. Mkiruka hapo ana siku 30 za kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na mwizi wenu mtamlipa fidia. Mwonyeshe bosi hiyo aya.

Msoma Kimya: Wananikopa hela kila ifikapo tarehe 20, na kadi za michango ndio usiseme.
Jibu: Hela yako binafsi usikopeshe unaowasimamia, kampuni kama inatoa avansi waelekeze kwenye fomu. Mchango weka kiwango kimoja kwa watu wa timu yako wote, harusi ya nani sijui, kiwango ni hicho hicho.

Mzee wa Shimoni: Hizi ni nadharia za ofisi zenye viyoyozi. Makuli wa Kariakoo bila matusi gari halishuki.
Jibu: Mkuu gari linashuka, nakubali. Hesabu na vilivyovunjika halafu uniambie.

Mgeni Humu: Samahani, hilo daftari unaandika nini? Na wakilikuta je?
Jibu: Nunua kaunta buku kwaya moja. Andika tarehe, kilichotokea, mlichokubaliana na lini mtaangalia tena, mawazo yako kuhusu tabia ya mtu usiandike humo. Likae kwenye droo yenye ufunguo. Yule wa hoteli aliyeuliza kuhusu kugawana tipu nitamjibu kesho, sasa hivi nawahi shifti.