Kunde pori: jinsi ya kuzichuma na kuzipika bila kujitia matatani

Huku kwetu Lindi mvua zikianza kukatika, mwezi wa tano hivi, kunde pori zinakuwa zimekomaa kwenye mashamba yaliyolala na kando ya njia, zimejiotea tu hamna aliyezipanda, na ni tamu kweli ukizijulia. Tatizo watu wanaangalia punje. Punje inadanganya asee, mbono nayo ina mbegu ya madoadoa mazuri kabisa na ni sumu, kwa hiyo mtu akikunyooshea kiganja akuulize "hizi zinaliwa?" mwambie akupeleke kwenye mmea wenyewe.

Ukifika anza na jani. Majani ya kunde yanakaa matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Ukikuta vijani vingi vimejipanga huku na huku kama unyoya, achana nao, hapo kuna utupa ule wa kuvulia samaki na kuna ututi (wengine wanaita tipitipi), zile punje nyekundu zenye jicho jeusi watu wanatungia shanga. Ututi punje moja ikitafunwa inaweza kuua, na dalili zinachelewa, masaa au hata siku kadhaa, yani mtoto anacheza vizuri kumbe ndani anaharibika. Akitafuna usimtapishe, usimpe maziwa mkakaa nyumbani kumwangalia, mkimbize hospitali na mbegu iliyobaki uibebe.

Sasa matatu matatu peke yake haitoshi maana upupu nao ni hivyo hivyo, na marejea pia. Marejea ana maua ya njano na ganda lililovimba kama puto, likikauka ukilitikisa linalia kama kayamba, mbegu zake zinaharibu ini. (Kule Ziwani Waluo wanapika majani ya jamii yake moja, mitoo, ila hayo ni majani na wao wanayajua tangu utoto, wewe mbegu usiguse.) Upupu ganda lake lina manyoya ya kahawia, na sina haja ya kukuelezea zaidi ukishapitiwa nao. Mimi nilijikuna mpaka shingoni kumbe ndo nayasambaza yale manyoya, bibi akanigombeza niache, akachukua selotepu ya kufungia madaftari akawa ananibandika na kubandua mpaka kuwashwa kukapungua.

Kunde pori yenyewe ua lake ni zambarau mpauko, umbo la kipepeo, asubuhi limefunguka mchana limeshajifunga. Linatoka kwenye kikonyo kirefu, na kwa juu unakuta maganda mara nyingi mawili, membamba, yametoka kama vidole. Ukipitisha kidole ganda linakwaruza kidogo ila halina manyoya. Jani, ua, ganda, vyote vikubali, kimoja kikikataa unaondoka.

Nenda asubuhi umande haujakauka. Jua likipanda ganda kavu linajisokota lenyewe, ta! punje zimerukia majanini, unabaki umeshika maganda matupu. Na chini ya mikorosho usichume kabisa kipindi hiki, ndo msimu wa salfa na dawa za kupuliza, hata kama kunde zimejaa zinakuita.

Nyumbani anika, pura, peta kwenye ungo. Loweka usiku kucha. Asubuhi zinazoelea tupa, zina fukusi, na utaona nyingine zimebaki ngumu vilevile kama vijiwe, hizo zitoe pembeni maana hazitaiva na wenzake, utavunja jino la mtu. Maji ya kulowekea mwaga, bandika na maji mapya, acha yachemke kwa nguvu dakika kumi, mwaga tena. Kisha maji mengine na moto wa kueleweka. Hizi hazina haraka, ni ndogo lakini ganda gumu, zinapita muda wa kunde za dukani. Usiangalie saa, bonyeza punje kwa vidole, ikipondeka mpaka katikati imeiva. Magadi kidogo yanalainisha ila ukizidisha ladha inakuwa ya sabuni.

Zikiiva weka kitunguu, nyanya, chumvi, tui jepesi kwanza lichemke nazo, tui zito mwishoni ukikoroga lisikatike. Mara ya kwanza kula kidogo tu, kikombe kimoja, uone tumbo linasemaje, zile kavu ambazo hujazipika anika vizuri uweke za msimu wa njaa.